KKK si ya darasa la pili peke yake

Nimeadimika, najua. Bumu limechelewa, testi zimefuatana kama mabasi ya alfajiri pale stendi, kichwa kimejaa. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu likizo, na leo nalitua hapa hapa.

Nilikuwa nyumbani Mpitimbi, Songea vijijini. Jioni moja tumekaa jikoni na bibi, simu yake ikaita mlio wa meseji. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku. Miwani ya bibi ilikuwa imevunjika kioo, basi akampa simu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko kidato cha kwanza. "Mume wangu, hebu nisomee." Dogo akaitazama simu weee, akacheka kidogo, akasema, "Bibi, mtandao unasumbua." Jamani! Ujumbe umeshaingia, mtandao wa nini tena? Nilitaka kumkoromea, bibi akaniwahi. Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma mwenyewe neno kwa neno mpaka namba ya mwisho.

Usiku dogo akaniambia ukweli. "Kaka, darasani huwa nanakili ubaoni. Nachora tu. Sijui kinasemaje."

Sasa sikilizeni. Bibi yangu hajakanyaga shule ya msingi. Ni zao la kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu kama bibi wakajifunza herufi jioni, jembe likiwa limeegeshwa mlangoni. Na wenye kisomo kile walijua jambo moja ambalo sisi tumelisahau: aliyejua kusoma jana, asipopewa cha kusoma leo, kesho anasahau. Ndiyo maana kulikuwa na hatua moja baada ya nyingine, kukawa na maktaba vijijini, na kule Kanda ya Ziwa likatoka gazeti la wakulima, Elimu Haina Mwisho. Jina lenyewe ni somo.

Sisi je? Tumeifungia KKK madarasa mawili ya mwanzo. Mtoto akivuka darasa la pili tunajifanya kazi imekwisha. Darasa la tatu anakutana na masomo mengi, kila kitabu kinamtaka asome ili aelewe, na hakuna tena anayemfundisha kusoma. Aliyebaki nyuma anabaki hapo hapo, huku anasukumwa mbele kila Januari. Halafu kidato cha kwanza tunambadilishia na lugha! Mtu hajasoma sentensi nzima ya Kiswahili, unampa Biology ya Kiingereza. Atafanya nini zaidi ya kuchora?

Msiseme nimetia chumvi. Ripoti ya kwanza ya Uwezo, 2010, ilionyesha kwamba mmoja kati ya watano wa wanaomaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walifauluje? Mtihani wa kuchagua, A mpaka E. Kisha ikaja karatasi ya kusiliba. Ukibahatisha vizuri, umefaulu. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili, na mi naupongeza kabisa. Lakini mbegu haipandwi ikaachwa bila palizi. Mkulima yeyote wa mahindi Ruvuma atakwambia.

Kilichoniudhi hasa kiko hapa hapa kampasi. Nimerudi nikamsimulia mwenzangu wa mwaka wa tatu, anasomea ualimu kama mimi. Kajibu nini? "Hayo ya a-e-i-o-u ni ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mi nafundisha Jiografia." Kha! Hiyo Jiografia ataisoma nani? Unamwandikia nani ubaoni? Kama mwanafunzi hasomi, wewe si mwalimu wa Jiografia, ni mpaka chaki tu.

Na tusijifiche, ugonjwa huu tunao hata sisi. Wangapi hapa tukipewa insha ya kurasa tano tunakimbilia kunakili na kubandika? Dogo ananakili ubaoni, sisi tunanakili intaneti. Tofauti ni laptop.

Msinijibu eti madarasa yana watoto wengi na walimu ni wachache. Ni kweli, na ilikuwa kweli zaidi baada ya ada kuondolewa 2016. Lakini dakika kumi za kusoma kwa sauti na kuandika sentensi tatu zako mwenyewe, katika kila somo, kila darasa mpaka kidato cha nne, hazihitaji jengo jipya. Kumpima kila anayeingia kidato cha kwanza na kumrudisha kwenye silabi bila kumwaibisha, hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mwalimu anayekubali kwamba hiyo ni kazi yake. Huyo mwalimu ni wewe na mimi, mwakani tu hapo.

Likizo ile nilikaa na dogo kila jioni, silabi, maneno, mpaka vipeperushi vya mbegu. Wiki tatu tu, si muujiza. Juzi kanitumia meseji: "kaka bibi kapata miani". Herufi moja imekosekana. Nimeisoma mara nne.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje chumba changu, ila aje na hoja yake kaiandika mwenyewe.