Harufu Njema na Upasuaji wa Moyo

Mgonjwa wa moyo atokaye Shinyanga au Geita aghalabu husafiri mbali ili apasuliwe. Wengi hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, na usiku wa kuamkia upasuaji huwa mrefu. Hofu yenyewe huuchosha moyo: adrenalini huongezeka katika damu, mapigo huenda mbio na shinikizo hupanda. Ndiyo maana katika nchi kadhaa, Uturuki na Irani zikiwemo, wauguzi wamejaribu kuwanusisha wagonjwa wa namna hiyo mafuta ya lavenda.

Wazo hilo si la kuchekwa. Neva za kunusa hufika kwa njia fupi kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na kumbukumbu. Majaribio mengi yaliyochapishwa yaeleza kwamba wasiwasi hupungua. Lakini mengi ni madogo, nayo yana kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuing'amua: kidonge bandia chaweza kufanana na kidonge halisi, bali harufu haifichiki. Huenda mgonjwa ametulia kwa sababu tu ajua kuwa amepewa kitu, au kwa sababu muuguzi ameketi naye.

Usukumani hakuna haja ya kuagiza lavenda. Rehani, ambayo mara nyingi ina linaloli ile ile ya lavenda, hustawi bustanini. Desturi ya kujifukiza nayo ni ya zamani, na mwaka 2020, wakati wa korona, ilihimizwa na viongozi wa nchi. Hapo ndipo penye hatari. Kunusa jani ni jambo moja. Kujifunika blanketi juu ya chungu kichemkacho, siku chache baada ya kufunguliwa kifua, ni jambo jingine kabisa. Kufukiza ubani karibu na mtungi wa oksijeni ni kuuita moto. Na kunywa mitishamba bila kumwarifu daktari ni kubaya zaidi kwa mtu aliyewekewa valvu bandia ya aina inayomlazimu kutumia warfarini maisha yake yote. Baadhi ya mimea huibadili nguvu dawa hiyo, damu ikaganda kwenye valvu au ikavuja isizuilike.

Watu wa Geita wana sababu yao ya kutoiamini sana pua. Katika machimbo madogo, kama ya Nyarugusu, zebaki iliyoshika dhahabu huchomwa, na mvuke wake unaodhuru ubongo na figo hauna harufu yoyote.

Hospitali za mikoa hii zisione haya kuijaribu rehani, ila kwa makundi mawili: moja likae na muuguzi na rehani, jingine na muuguzi na jani lisilonukia, kwa muda ule ule. Gharama yake ni ndogo mno. Lisilokubalika ni kuiita harufu tiba ya moyo. Valvu nyingi za vijana wanaopasuliwa nchini ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo yaletwayo na bakteria wa streptokoki. Bakteria hao huuawa na penisilini, dawa ya bei nafuu. Koo hilo aghalabu huuma mtoto akiwa darasani, mbele ya mwalimu wake, miaka mingi kabla ya safari ya Dar es Salaam.