Weusi Haufichi Kazi Mbaya



Katika mji wetu wa Kalemie gari jeusi lina heshima yake. Ndilo linaloombwa kwa ajili ya arusi, ndilo linalowapeleka wakubwa mikutanoni, na mwenye kulimiliki hupenda ling'ae kama kioo kabla halijafika mlangoni pa watu. Wako vijana wa rika lenu wanaopata chakula cha siku kwa kuliosha. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza linaoshwa namna gani, mahali gani na kwa malipo gani. Maoni yetu ni haya: kuliosha kwa haraka, tena ndani ya ziwa, kunamdhuru mwenye gari, kunamdhuru mwoshaji, na kunaudhuru mji mzima. Namna iliyo njema ipo. Haihitaji mashine, na kijana mwenye bidii aweza kujifunza kwa siku moja.

Tuanze na rangi yenyewe. Watu husema kwamba rangi nyeusi hushika uchafu kuliko nyingine. Lakini vumbi halichagui. Huliangukia gari jeupe na gari jeusi sawasawa. Tofauti iko machoni petu. Rangi nyeusi humeza karibu mwanga wote unaoifikia, hata kila kitu kidogo kinachorudisha mwanga, iwe punje ya vumbi, tone lililokauka au mkwaruzo mwembamba, huonekana juu yake kama chaki ubaoni. Tena, juu ya rangi ya magari ya siku hizi kuna tabaka la vanishi isiyo na rangi, lenye unene wa milimita 0.05 hivi; mara nyingi ni jembamba kuliko unywele. Mng'ao wote unalitegemea tabaka hilo. Likiwa laini, mwanga hurudi ukiwa umenyooka, nasi twaona nyuso zetu ndani yake. Likikwaruzwa, mwanga hutawanyika, na gari huonekana la kijivu hata likiwa limetoka kuoshwa sasa hivi.

Zamani nyeusi haikuwa rangi ya fahari. Kati ya 1914 na 1925 kiwanda cha Ford huko Marekani kilitoa gari lake la Model T kwa rangi nyeusi peke yake, kwa sababu rangi hiyo ilikuwa ya bei ndogo na yenye kudumu. Leo mambo yamegeuka: anayechagua nyeusi anachagua rangi inayodai utunzaji kuliko zote, na anayekubali kuiosha anakubali kazi inayomtangaza, njema au mbaya, mbele ya kila mpita njia.

Sasa tutazame hali ya kwetu. Wakati wa kiangazi magari yatokayo njia ya Nyunzu au ya Moba hufika mjini yakiwa yamevaa vumbi jekundu. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko vanishi. Mtu anayepitisha kitambaa kikavu juu yake, akidhani anapangusa, kwa kweli anapiga msasa. Ile mistari ya mviringo tunayoiona juani kwenye magari meusi, kama utando wa buibui, haikuletwa na barabara. Imeletwa na mkono wa mwoshaji, hasa pale kitambaa kinapoanguka mchangani, kikaokotwa na kurudishwa kazini bila kusuuzwa.

Halafu kuna desturi ya kuliingiza gari ziwani mpaka maji yafikie magurudumu, na kuliosha papo hapo. Maji yanaonekana ya bure na hayana mwisho. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Gari jeusi likiwa juani bati lake huwa moto sana. Matone hukauka kabla ya kupanguswa, maji yakapanda hewani, madini yakabaki. Ndiyo yale madoa meupe ambayo mwoshaji huyasugua kwa nguvu, na kwa kuyasugua huongeza mikwaruzo. Wengine hutia sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo, nayo ni kali, huondoa nta yote iliyokuwa inailinda rangi. Wengine, wakiona mng'ao umepotea, hupaka mazuti. Gari hung'aa kwa saa moja, kisha mafuta hukusanya vumbi la njia nzima.

Hasara ya mwenye gari ni hiyo. Hasara ya mji ni kubwa zaidi. Pale pale gari linapoachia mafuta na sabuni, mama wa jirani huteka maji ya kupikia, na watoto huoga. Mji wetu umeteswa na kipindupindu mara nyingi. Ugonjwa huo hauletwi na sabuni wala mafuta, lakini watu waliokwisha kujua taabu ya kupata maji salama hawana ruhusa ya kuyachafua zaidi. Ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, nasi huwa twadhani kwamba kitu kikubwa hivi hakiwezi kuharibika. Hata hivyo mto wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga yetu, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi mafuta. Mwaka 2003 nchi nne zinazolizunguka, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya kulitunza. Sahihi za wakubwa hazitoshi ikiwa ufuoni kwetu kila siku mazuti yanaelea mahali ndakala wanapovuliwa.

Tunajua jibu la vijana wanaofanya kazi hiyo, nalo ni jibu la haki: mabomba hayatoi maji kila siku, na tumbo halingoji. Hatuwaambii waache kazi. Tunawaambia wayatoe maji ziwani, wasilipeleke gari ziwani. Bidoni tatu za lita 20 zinatosha kwa gari dogo. Zikibebwa hadi mahali pakavu mbali na ufuo na mbali na kisima, maji machafu yatamwagika juu ya udongo, na udongo utashika sehemu kubwa ya mafuta na mchanga kabla havijafika mbali. Wakati wa mvua, maji ya paa yakikingwa katika pipa ni mema zaidi, kwa maana hayana madini mengi ya kuacha madoa.

Kazi yenyewe ifuate utaratibu. Gari liwe kivulini, na bati lipoe kwanza. Ikiwa kiganja hakiwezi kutulia juu ya boneti, saa ya kuosha haijafika. Kivuli cha mwembe wenye ndege wengi kiepukwe, kwa sababu mavi ya ndege hula vanishi. Yakianguka, yalainishwe kwa kitambaa chenye maji, kisha yainuliwe bila kusugua. Gari limwagiwe maji kutoka juu hata chini, ili mchanga uondoke kabla ya mkono kugusa. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni ya maji isiyo kali, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kupitisha. Kitambaa kiwe laini, kisicho na kifungo wala mshono mgumu, na kipitishwe kwa mistari iliyonyooka. Magurudumu yaoshwe mwisho kwa kitambaa chake. Baada ya kusuuza, gari likaushwe mara moja kwa kitambaa safi. Kila miezi miwili au mitatu lipakwe nta kidogo. Dawa za kusugua mikwaruzo zitumiwe kwa nadra, kwa kuwa kila mara huondoa sehemu ya vanishi. Bandu bandu huisha gogo.

Utaratibu huu unadai muda, na hapo ndipo neno letu linapowageukia wenye magari. Anayesimama juu ya kichwa cha kijana akipiga kelele kwamba amechelewa, kisha akapunguza faranga alizoahidi, ananunua mikwaruzo kwa fedha zake mwenyewe. Kupaka upya rangi ya mlango mmoja kuna gharama kuliko kuoshewa gari kwa uangalifu siku nyingi. Mwoshaji mwenye ujuzi ni fundi kama seremala au fundi cherehani, na malipo yake yapatanwe kabla ya kazi kuanza.

Vikundi vya vijana vinavyotafuta kazi ya kujitegemea tunavishauri jambo moja: kikundi kichague kiwanja chenye kivuli mbali na maji, kinunue ndoo, vitambaa na kopo la nta, na kila mmoja ajifunze kabla ya kulipwa. Waanze na gari jeusi. Atakayeweza kulitoa bila doa wala mkwaruzo, mwenye gari jeupe hatakuwa na hofu ya kumpa lake.