Kutoka Mahakamani Hadi Bungeni

Mwanao akikuambia anataka kusomea sheria, huenda ukawaza ofisi nzuri na mshahara mnono. Hata kule Chundwa, kisiwani Pate, mzazi anayeuza samaki ili alipe karo huwaza hivyo hivyo. Basi mtazame Martha Karua.

Alizaliwa mwaka 1957 Kirinyaga, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1981 akawa hakimu. Mwaka 1987 aliacha kazi hiyo ya serikali, akafungua ofisi yake ya uwakili. Enzi hiyo ya chama kimoja aliwatetea walioshtakiwa kwa sababu za kisiasa, kesi ambazo zingeweza kumponza wakili mwenyewe.

Lakini wakili humtetea mtu kwa sheria iliyopo. Akitaka sheria yenyewe ibadilike, hana budi kuwaendea wapiga kura. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Karua alichaguliwa mbunge wa Gichugu, akakishika kiti hicho hadi 2013.

Mwaka 2005 aliteuliwa Waziri wa Sheria. Aprili 2009, majaji walipoteuliwa bila yeye kushauriwa, alijiuzulu. Aligombea urais mwaka 2013 akashindwa, na mwaka 2022 akawa mgombea mwenza wa Raila Odinga, wakashindwa pia.

Mara mbili, basi, aliacha cheo ambacho wengi wangeking'ang'ania. Mzazi, muulize mwanao atapata nini kwa sheria, kisha umuulize yuko tayari kuacha nini. Tukutane Jumapili ijayo.