Bonafede na Saa ya Mahakama za Italia

Alfonso Bonafede alipoapishwa kuwa Waziri wa Sheria wa Italia tarehe 1 Juni, 2018, alikuwa na umri wa miaka 41. Ni wakili wa Florence, mzaliwa wa Mazara del Vallo kisiwani Sicilia, na alikuwa mbunge wa Vuguvugu la Nyota Tano tangu mwaka 2013. Ndiye aliyekitambulishia chama hicho Profesa Giuseppe Conte, aliyewahi kufanya naye kazi katika Chuo Kikuu cha Florence na ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu.

Jina lake limebaki katika suala moja: ukomo wa muda wa makosa ya jinai. Nchini Italia muda huo huhesabiwa tangu kosa lilipotendeka, na kwa miaka mingi uliendelea kuhesabiwa hata rufaa ilipokuwa ikisubiri kusikilizwa. Mwezi Novemba, 2014, Mahakama ya Juu ilifuta kwa sababu ya ukomo wa muda kifungo cha miaka 18 alichohukumiwa mfanyabiashara Stephan Schmidheiny katika kesi ya asbesto ya kampuni ya Eternit. Wakazi wa Casale Monferrato, waliokwisha kuzika ndugu zao, walirejea nyumbani mikono mitupu.

Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, iliyosimamiwa na Bonafede, ilisimamisha hesabu hiyo mara tu hukumu ya kwanza inapotolewa, kuanzia tarehe 1 Januari, 2020. Mawakili wa utetezi waligoma, wakidai mshtakiwa angebaki mshtakiwa maisha yake yote. Hoja yao haikuwa nyepesi, kwani Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imekwisha kuitia Italia hatiani mara nyingi kwa ucheleweshaji wa mashauri. Kuondoa ukomo kabla ya kuongeza kasi ya mahakama kulikuwa ni kuanza kazi kutokea mwisho.

Mwaka huohuo wa 2020 ulimletea mitihani mingine. Mwezi Machi, ghasia zilizuka magerezani baada ya ziara za ndugu kusitishwa kutokana na UVIKO-19. Wafungwa na mahabusu 13 walipoteza maisha, wengi wao wa gereza la Modena. Tarehe 20 Mei Seneti ilikataa hoja mbili za kutokuwa na imani naye. Januari 2021 Conte alijiuzulu kabla ya Bunge kuipigia kura taarifa ya Bonafede kuhusu hali ya utoaji haki, kura ambayo Serikali ilikuwa hatarini kushindwa.

Mrithi wake, Marta Cartabia, hakuifuta kanuni hiyo. Sheria Na. 134 ya mwaka 2021 iliiwekea mipaka: kwa kawaida miaka miwili kwa rufaa na mmoja kwa Mahakama ya Juu, la sivyo shauri linakoma, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifungo cha maisha.

Kwa makosa ya zamani, hata hivyo, saa iliendelea kwenda. Tarehe 8 Januari, 2021, Bonafede akiwa bado ofisini, mashtaka ya kuua bila kukusudia katika ajali ya treni ya Viareggio ya mwaka 2009, iliyoua watu 32, yalitangazwa kupitwa na wakati.