Max Scherzer, Miaka 41 na Kidole Kibovu. Mimi Bado Ningemsaini

Wasee, leo tuongee besiboli. Najua wengi wenu mnaijua kwa zile kofia za Yankees tu, zile zimejaa kila mahali mjini, lakini kuna kesi moja huko Marekani na Canada inahitaji watu wanaopenda kubishana, na hapo hakuna mtu anatushinda.

Kuna jamaa anaitwa Max Scherzer. Kazi yake ni kurusha mpira. Alifikisha miaka 41 Julai 2025. Mwaka wa 2025, Toronto Blue Jays, timu pekee ya Canada kwenye ligi kuu ya besiboli, walimpa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 15.5. Kwa pesa zetu hiyo ni karibu bilioni 2. Msimu wa 2025 ulipoisha, mkataba nao uliisha, jamaa akawa huru. Ukiwa wewe ndio umeshika kalamu, unamsaini tena ama unamwambia asante mzee, nenda ukapumzike?

Mimi namsaini. Na sitawauzia ile stori ya moyo wa simba, sijui roho ya chuma. Nina hesabu.

Kwanza muelewe hii kazi. Msimu wa kawaida una mechi 162. Hakuna mkono wa binadamu unaweza kurusha kila siku, kwa hivyo timu inakuwa na warushaji watano hivi wa kuanza mechi, wanapokezana. Siku yako ikifika unasimama kwenye kile kilima kidogo, mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji, unarusha mara 80, 90, hata 100, na mingine inatoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Hata zile nganya za usiku pale Thika Road haziendi hivyo. Sasa hiyo nguvu yote inapita kwa bega moja na kiwiko kimoja. Ndani ya kiwiko kuna kano ndogo, na hiyo ikikatika, daktari anatoa kano mahali pengine mwilini na kuipandikiza pale. Operesheni yenyewe inaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka wa 1974. Ukifanyiwa, zoea benchi: mwaka mzima na zaidi.

Kwa hivyo mtu akisema fulani anaumia umia, jua kwamba kwa kazi hii karibu kila mtu anaumia. Tofauti ni lini, na timu imekubali kulipa kwa muda gani.

Sasa turudi kwa Scherzer, na tusidanganyane. Desemba 2023 alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Msimu wa 2024, akiwa na Texas Rangers, alianza mechi 9 peke yake. Akaenda Toronto. Mechi yake ya kwanza, Machi 2025, akarusha iningi 3, akatoka. Kidole gumba cha mkono wa kulia, mkono anaotumia kurusha. Hakurudi mpaka mwisho wa Juni! Mwishowe alianza mechi 17, akashinda 5, akapoteza 5, na wastani wake ukawa 5.19. Yaani kwa kila iningi 9, ambazo ni mechi moja nzima, alikuwa anawapa wapinzani zaidi ya pointi 5. Hiyo ni namba mbaya. Huyu ni mtu ambaye kwa maisha yake yote ya kazi wastani wake uko chini ya 3.3 na ana tuzo tatu za Cy Young, ile wanampa mrushaji bora wa mwaka. Gawanya zile dola kwa mechi 17 uone: zaidi ya dola laki tisa kwa kila siku moja ya kazi. Kuna msee hapo anasoma hii akiwa na deni la Fuliza, na ninamwelewa kabisa.

Ukisimama hapo, kesi imeisha na mimi nimeshindwa. Lakini usisimame hapo.

Kuna jamaa mwingine, Stephen Strasburg. Desemba 2019 alikuwa na miaka 31. Alikuwa ametoka tu kuchaguliwa mchezaji bora wa World Series, fainali ya besiboli. Washington Nationals wakampa mkataba wa miaka 7, dola milioni 245. Unajua alianza mechi ngapi baada ya kusaini? 8. Si kwa mwezi, si kwa msimu. Nane, mpaka akastaafu. Hesabu hiyo inakupeleka zaidi ya dola milioni 30 kwa mechi moja. Na kwa besiboli mkataba ukishasainiwa ni wako. Hata mwili ukigoma, hata timu ikikutimua, pesa inaingia.

Halafu kuna Jacob deGrom. Desemba 2022, miaka 34, Rangers wakampa miaka 5 kwa milioni 185. Mwaka wa kwanza akaanza mechi 6, kiwiko kikakatika, Tommy John. Ni 2025 ndio tukamwona vizuri: mechi 30, wastani wa 2.97. Huyo anaonekana sasa ni pesa halali, lakini Rangers walisubiri karibu misimu miwili, na walikuwa wameshafunga mlango wa kurudi nyuma.

Mnaona mahali nasimama? Watu wanauliza umri kwanza, na mimi naona swali la kwanza ni urefu wa mkataba. Strasburg hakuwa mzee. Kilichowaua Nationals ni hiyo miaka saba. Scherzer akikosea, anakosea kwa mwaka mmoja na unaendelea na maisha. Mkataba mfupi kwa mtu mzee ni kama kupanga nyumba mwezi kwa mwezi. Kodi iko juu kidogo, sawa, lakini maji yakikatika unahama.

Ya pili ni Oktoba, na hapa ndio utamu uko.

Blue Jays walipoingia mchujo, raundi yao ya kwanza dhidi ya Yankees hawakumweka Scherzer hata kwenye kikosi. Hata kwenye orodha! Ungedhani imeisha. Raundi ya pili wakakutana na Seattle Mariners, wakawa nyuma mechi mbili kwa moja, wanacheza ugenini, na wakampa mpira. Kwenye iningi ya tano kocha wake John Schneider akatoka kwenda kumtoa, kitu cha kawaida kabisa. Scherzer akamfokea mbele ya uwanja mzima. Hatoki. Kocha akageuka akarudi alikotoka. Jamaa akamtoa mpigaji aliyekuwa mbele yake, akarudi tena iningi ya sita. Timu ikashinda 8 kwa 2, na ikaishia kufika World Series kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Halafu mechi ya saba ya World Series dhidi ya Dodgers, Novemba 1. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, saa ambayo hata mbwa wa jirani wamenyamaza. Mshindi anachukua kila kitu. Nani anaanza? Mzee wa miaka 41 mwenye kidole gumba kibovu. Akaenda iningi 4 na kitu, akaachilia pointi 1. Alitoka uwanjani timu yake ikiongoza 3 kwa 1. Toronto walipoteza, 5 kwa 4 kwenye iningi ya 11, lakini hayo yalitokea kwa mikono ya wengine. Yeye alikabidhi uongozi.

Sasa ile 5.19 inakuambia nini kuhusu huo usiku? Kidogo sana. Hizo bilioni mbili hazikununua Aprili na Mei. Zilinunua mtu ambaye mechi ya saba haimshtui kwa sababu alishaianza nyingine, 2019, siku tatu baada ya shingo kumkaza mpaka akashindwa kujivalisha nguo. Alidungwa sindano, akarudi, na Nationals wakachukua kombe.

Kuna wale watasema namtukuza mtu kwa kucheza akiumwa. Hapana. Mtu wa miaka 22 akiniambia anataka kurusha na shingo imekaza, ningemfungia chumbani. Kijana ana miaka 15 ya kupoteza. Scherzer ana moja, labda mbili, na ameshalipwa pesa ya vizazi. Huo mwili ni wake, ameujua zaidi ya madaktari wote wa Toronto.

Hoja ngumu zaidi ni ile ya nafasi, na najua nyinyi ndio mtaileta, kwa sababu kizazi chetu kimechoka na wazee waliokalia viti. Kwamba ukimsaini babu, kuna kijana anakosa kazi. Hii naichukulia kwa uzito. Lakini angalia kilichotokea Toronto hiyo hiyo. Kuna kijana anaitwa Trey Yesavage, miaka 22. Mwaka wa 2025 aliuanza ligi za chini kabisa. Septemba ndio akaingia ligi kuu. Oktoba akaanza mechi ya kwanza ya World Series, na kwenye mechi ya tano akawatoa wapigaji 12 wa Dodgers bila hata mmoja kugusa huo mpira vizuri. Babu hakumzibia njia. Kijana alipokuwa tayari, mlango ulifunguka, kwa sababu babu alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja na wakati mwingine hata kwenye orodha hakuwa. Hapo ndio tofauti na wazee wetu wengine ambao sitawataja: wale kiti kimewashika, na mkataba hauishi.

Ndio, inaweza kuenda vibaya. San Francisco Giants walimlipa Justin Verlander milioni 15 mwaka huo huo, na yeye alikuwa na miaka 42. Alimaliza na ushindi 4 na kupoteza 11. Ukiangalia vizuri alirusha vizuri kuliko Scherzer, wastani wa 3.85, lakini timu haikumpa pointi za kutosha na hawakufika mchujo. Hiyo inanipa sharti langu: mzee wa namna hii asiende kwa timu inayojijenga. Giants walinunua mwavuli, mvua haikunyesha. Timu kama Pirates au Rockies ikimsaini Scherzer, hapo nitakuwa wa kwanza kucheka. Timu ambayo inajua itacheza Oktoba, hiyo ndio ina matumizi naye.

Kwa wale bado mnasema 41 ni mingi: Scherzer amezaliwa Julai 1984. Eliud Kipchoge ni Novemba 1984. Paris 2024 Kipchoge aliacha mbio mgongo ukimsumbua, na hakuna Mkenya mwenye adabu alisema asionekane tena barabarani. Tulisema tu asitarajiwe kuwa yule wa Berlin. Huo ndio ubinadamu naomba kwa huyu mzungu, na kidogo ya akili ya biashara juu yake.

Ofa yangu iko hivi. Mwaka mmoja. Mshahara wa msingi chini sana ya ule wa 2025, kwa sababu kidole ni kile kile na mimi sio mtoto. Halafu bonasi kwa kila mechi anayoanza, ili akiumia tuumie nusu nusu. Aprili yote asiguse mechi yoyote, afanye mazoezi yake polepole kule Florida kwenye jua. Nafasi ya kuanza msimu inaenda kwa kijana. Na kwenye mkataba ningeandika kwa maandishi makubwa kwamba kocha akitoka kumtoa iningi ya tano, anatoka.

Hicho kipengele cha mwisho atakikataa. Nitakifuta, kisha nimpe kalamu.