Sehemu ya 6: Hapa Melbourne si kila mvua ni baraka

Mama wenzangu, tulishaongea baridi, tukaongea jua. Leo ni mvua, na najua wengine mtanibishia.

Sisi tumekuzwa tukijua mvua ni baraka. Ikikaribia unafungua dirisha usikie harufu ya udongo, watoto wanakimbilia nje. Mwaka wangu wa pili hapa nilifanya hivyohivyo. Siku ilikuwa ya joto, upepo ukaanza, wingu jeusi likaja, nikafungua madirisha yote. Usiku ule mwanangu alikohoa hadi alfajiri, kifua kinapiga filimbi. Nikasema ni mafua tu. Na mimi ni nesi!

Iko hivi. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, majani ya malisho huchanua na kumwaga chavua, lile vumbi la maua. Siku za kawaida huishia puani: chafya, macho kuwasha. Lakini dhoruba ya radi ikija, chavua hunyanyuliwa juu, hulowana, hupasuka vipande vidogo sana, na ule upepo wa dhoruba huvishusha kwetu. Hivyo vinaingia hadi ndani ya mapafu. Tarehe 21 Novemba 2016 maelfu walikimbilia hospitali za jiji hili, na watu 10 wakafariki. Wengi wa waliobanwa siku ile hawakuwahi kuambiwa wana pumu.

Sasa niseme ninachoamini, hata kama kitauma. Kinachotuponza sio mvua, ni aibu. Neno pumu tunalikimbia. Tunasema "kifua chake ni chepesi", "ana mafua". Daktari akitoa inhela tunaificha kabatini kwa sababu shangazi kasema ukiianza huachi. Jamani, inhela ya bluu haimfanyi mtu teja. Inafungua njia ya hewa, basi. Mtoto akiihitaji mara kwa mara, maana yake pumu haijadhibitiwa, rudi kwa daktari.

Utaniambia kwetu watoto wanakohoa na wanapona. Sawa, ila majani haya siyo ya kwetu. Na usijidai umeshazoea: mtu anaweza kukaa miaka bila shida, halafu mwili ukaanza kuyakataa.

Kwa hiyo kabla ya mwezi wa kumi, mtoto (au wewe, au baba) anayepiga chafya kila msimu apelekwe kwa daktari. Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani, namba ni 131 450. Dhoruba ikija, ingia ndani, funga madirisha. Inhela ya bluu unaipata famasi bila cheti cha daktari; nunua pamoja na speisa, ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa.

Akibanwa: mketishe wima, pulizo nne, moja moja, kila moja avute pumzi mara nne. Subiri dakika nne. Hakuna nafuu? Rudia, na piga 000. Akishindwa kuongea au midomo ikibadilika rangi, piga 000 hapohapo, usisubiri.

Mwanangu leo ana inhela kwenye begi la shule, na mwalimu anajua. Hakuna aliyemcheka. Aibu ilikuwa yangu mimi, siyo yake.

Kuna aliyewahi kuambiwa "ukiianza huachi"? Niandikieni hapa chini, tuongee.