Bukavu: umeme ukirudi, fundi wa mashini yuko hatarini

Kila mkaaji wa Bukavu anajua ile kelele. Umeme umekatika tangu asubuhi, mtaa umetulia, halafu kwa mara moja watoto wanaanza kupiga vigelegele kutoka nyumba hadi nyumba: "Kuran imerudi!" Mama anakimbia kuwasha pasi, kijana anatafuta chaja ya telefone, mwenye kinyozi anaita wateja. Ni furaha ya kartiye nzima.

Lakini kuko mtu mmoja ambaye dakika hiyo inaweza kumwua. Ni yule fundi aliyekaa kwenye meza yake ya mbao, na mashini iliyofunguliwa mbele yake, na vidole ndani.

Niliona hayo kwa macho yangu. Siku moja sanduku la umeme la vyombo vyetu vya studio liliharibika, tukamwita fundi mwenye uzoefu. Umeme haukuwako tangu usiku wa jana. Alifungua sanduku, mimi nikamshikia tochi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuchomoa prizi ukutani. Umeme ulirudi akiwa anagusa ndani na bisibisi. Alirushwa nyuma pamoja na kiti, kidole kikaungua, na kwa muda hakuweza kusema neno. Mungu alisaidia, alipona. Tulipomuuliza baadaye kwa nini hakuchomoa prizi, alijibu kwamba mtu hachomoi kitu ambacho tayari kimekufa.

Jibu hilo limenibaki kichwani. Mara nyingi tunasema mafundi wetu wanaumia sababu hawakusoma. Huyu alisoma. Kilichomdanganya ni namna umeme wetu unavyokuja na kuondoka. Pahali ambapo umeme uko siku zote, fundi anauogopa siku zote. Hapa kwetu, delestaji imetuzoeza kuona waya kama kamba tu.

Kwa nini kazi hii imeongezeka

Mashini mpya haiko kwa mfuko wa kila mtu. Tangu benki zifungwe hapa mjini mwanzoni mwa mwaka 2025, pesa imekuwa ngumu zaidi, na mtu ambaye mashini yake imekufa hawazi kununua nyingine. Anaipeleka kwa fundi. Hata zile zinazouzwa mjini, nyingi ni za okazio: zimetumiwa Ulaya, Dubai ao kwingine, zimefika hapa zikiwa na umri. Kitu chenye umri kinaharibika haraka.

Kwa hiyo meza za mafundi zimejaa, pembeni ya soko la Kadutu, Nyawera, na kwenye barabara za kartiye nyingi. Vijana waliomaliza shule bila kupata kazi wanakaa karibu na fundi, wanaangalia, wanaiga. Ni shule nzuri, lakini iko na kasoro moja: mwanafunzi anaiga ujuzi wa fundi na anaiga pia makosa yake.

Umeme wa zamani kwa mji mkubwa

Umeme wa Bukavu unatoka kwenye mto Ruzizi. Kituo cha Ruzizi I kilijengwa wakati wa ukoloni, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II, ambacho kilianza kazi 1989, tunakigawa na Rwanda pamoja na Burundi. Tangu wakati huo mji umepanda milima yote, lakini mitambo haikuongezeka kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana SNEL inagawa umeme kwa zamu, na nyumba nyingi zimeungwa kwa nyaya zilizofungwa kwenye miti, bila kibali na bila fundi wa kweli.

Kwa mtu wa depanaji, hali hii inaleta mambo matatu. La kwanza ni lile la studio yetu: anafanya kazi ndani ya kitu kilichochomekwa, akitegemea giza limlinde. La pili, nguvu ya umeme inashuka na kupanda. Ikirudi kwa kishindo inachoma vifaa, hivyo umeme mubaya unawapa mafundi kazi na palepale unawawekea mtego. La tatu ni haraka. Umeme ukija kwa saa tatu, fundi anapashwa kumaliza kazi za siku mbili ndani ya hizo saa tatu. Wateja wamesimama mlangoni. Mtu mwenye haraka hapimi, anagusa.

Tuongeze pia kwamba nyumba nyingi hazina waya wa kwenda udongoni. Ndiyo sababu ukigusa sanduku la chuma la mashini ya mezani unasikia kama wadudu wanakutembelea mkononi. Watu wanacheka. Lakini ule ni umeme unaotafuta njia ya kushuka chini, na njia hiyo ni mwili wako.

Kumechomolewa, lakini kungali na umeme

Hata prizi ikichomolewa, hatari haijaisha. Ndani ya sanduku la umeme la mashini kuna vifaa vinavyofanana na vikopo vidogo, ambavyo mafundi wanaita kondensata. Kazi yao ni kuweka akiba ya umeme. Kwenye umeme wetu wa volti 220, kile kikubwa kinaweza kubaki na volti 300 na zaidi, hata baada ya kuchomoa. Televizio za zamani, zile zenye mugongo, zinapita volti 20.000 kwenye kioo chake. Mikrowevu nayo inafika volti 2.000 na zaidi, na iko na nguvu ya kuua mtu mara moja. Hiyo, kama haukufundishwa, usiifungue hata mteja akilia.

Wengi wamezoea kugusisha bisibisi kwenye miguu ya kondensata ili itoe cheche na kuisha. Ni njia mubaya: inaweza kupasua kifaa ao kukurushia chuma cha moto machoni. Njia ya kufaa ni kungoja dakika kadhaa, kuteremsha umeme kupitia rezista iliyofungwa vizuri kwenye nyaya zenye plastiki, halafu kupima kwa multimeta. Kama mita haijasema sifuri, mkono usiingie. Na kama kupima kitu chenye umeme ni lazima, tumia mkono mmoja na mwengine uweke nyuma. Umeme unaopita kutoka mkono hadi mkono unapita kifuani, na pale ndipo moyo uko.

Batri iliyovimba ndani ya nyumba ya mbao

Batri za telefone na za mashini za kubeba ni za lithium. Nyingi ziko pia na kobalti ndani, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka kama jiwe, inarudi kama batri ya okazio iliyochoka.

Batri ikivimba, kazi yake imekwisha. Kuko watu wanaitoboa ili hewa itoke, halafu wanairudisha ndani. Ukiitoboa inaweza kuwaka palepale, na moshi wake ni sumu. Fundi anapashwa kuwa na chungu chenye mchanga mkavu nje ya chumba, na kila batri iliyovimba iingie humo. Usiichaji tena, usiibane, usiiache juani. Sisi tunaokaa kwenye nyumba za mbao zilizoshikana tunajua moto mmoja unafanya nini: unakula mstari muzima kabla watu hawajapata maji. Na maji yenyewe usiyamwage kwenye kitu kilichochomekwa bado. Kata umeme kwanza.

Moshi wa kila siku

Hatari nyingine haina kelele. Bati ya kulehemia inayouzwa sokoni mara nyingi ina risasi ndani. Simaanishi ile ya bunduki, ni ile metali nzito. Inashika vidoleni, fundi anakula sambusa bila kunawa, na risasi inaingia mwilini pole pole. Inaharibu damu na figo, na kwa watoto inaharibu ubongo. Ule moshi mweupe unaopanda wakati wa kulehemu nao unachoma mapafu na unaweza kuleta pumu. Dawa yake haina bei kubwa: dirisha wazi, kunawa na sabuni kabla ya kula, na mtoto asilale chini ya meza ya kazi.

Nani anabeba mzigo?

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, na inazungumzia pia mkataba wa kijana anayejifunza kazi. CNSS nayo iko kwa kusaidia wale wanaopata ajali kazini, lakini ni wale walioandikishwa. Kijana wa kwenye meza ya barabarani hana mkataba, hana mwajiri, hajaandikishwa popote. Akiungua, familia yake ndiyo inalipa hospitali.

Tusiwaachie mafundi lawama yote. SNEL ikitangaza saa za delestaji na kuziheshimu, fundi atajua wakati gani umeme unarudi. Shule za ufundi zingeweza kufungua mlango siku moja kwa wiki kwa vijana wa barabarani. Na sisi wateja tuache ile tabia ya kusimama juu ya kichwa cha fundi tukisema "fanya haraka, papa, ninachelewa." Haraka yetu ni sehemu ya ajali.

Kama ajali imefika, usimshike mtu anayeshikwa na umeme, utabaki naye. Kata disjonkta ao chomoa prizi. Kama haiwezekani, simama pahali pakavu na umsukume na mti mukavu. Akiwa hapumui, ita msaada, sukuma kifua chake kwa nguvu na haraka bila kuacha, na umfikishe hospitali. Hata kama ameamka na anasema yuko sawa, aende, sababu moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Glavu, mita nzuri, disjonkta inayokata umeme ukivuja: vyote hivyo ni pesa, na pesa haiko. Lakini jambo la kwanza halinunuliwi. Tangu siku ile, fundi wetu wa studio ana desturi moja. Kabla ya kufungua kitu chochote, umeme uwe uko ao hauko, anachomoa prizi na kuiweka juu ya meza, mbele ya macho yake. Watoto wakipiga kelele mtaani kwamba kuran imerudi, anaiangalia prizi yake, halafu anaendelea na kazi.